Mhubiri Aliyeua na Tenzi Isiyo na Maneno: Uhakiki wa Albamu ya Red Headed Stranger

Anayetaka kujua muziki wa kantri unavyosimulia imani, dhambi na kukombolewa aanze na albamu hii ya mwimbaji wa Marekani Willie Nelson ya mwaka 1975. Jina lake ni Red Headed Stranger, yaani mgeni mwenye nywele nyekundu. Mhusika mkuu ni mhubiri, lakini hatumsikii akihubiri hata mara moja. Mkewe anamwacha, yeye anaua watu watatu, kisha anatangatanga akiitafuta njia ya kurudi kuwa mtu. Nyimbo ni 15, dakika zote hazizidi 34. Kasoro inazo, na moja ni nzito, nitaifikia. Hata hivyo ni kazi ya kununua, na ni kazi ya kusikiliza kwa mpangilio wake, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, pasipo kuruka hata mmoja.

Kwanza, ni bidhaa ya namna gani? Ilirekodiwa Garland, Texas, karibu na Dallas, katika studio ya Autumn Sound, kwa siku chache na kwa gharama inayotajwa kuwa kama dola 4,000. Nelson alikuwa ndiyo kwanza amejiunga na Columbia, kampuni ya kutoa rekodi, kwa mkataba uliompa usemi wa mwisho juu ya muziki wake. Alipowapelekea kanda, wakubwa wa kampuni walidhani ni majaribio tu na kwamba albamu yenyewe iko njiani. Ukiisikiliza unaelewa kwa nini. Kantri ya Nashville, jiji la Tennessee lililo kitovu cha muziki huo, ya miaka ile ilijazwa fidla nyingi na kwaya za kuitikia nyuma ya mwimbaji. Hapa kuna gitaa la nyuzi za nailoni, piano ya Bobbie Nelson ambaye ni dada wa mwimbaji, harmonika ya Mickey Raphael, besi, na ngoma za Paul English zinazogongwa kwa adabu, wakati mwingine zisigongwe kabisa. Kuna sehemu ambapo sauti ya mtu na gitaa lake hubaki peke yake kwa ubeti mzima. Ukimya huo una kazi. Kila mara mhubiri anapobaki na moyo wake, ala nazo humwacha.

Hadithi inafunguliwa na kiitikio kuhusu majira ya mhubiri, katika mwaka ambao wimbo unautaja kwa tarakimu mbili tu, 01. Mwanamume alimpenda mkewe hadi kurukwa na akili, naye mke akamwacha na kumrudia mtu aliyekuwa amemwacha zamani. Kuna mstari mmoja ambao wengi huupita bila kuusikia: hakuweza kumsamehe, ingawa alijaribu na kujaribu. Bastola haijatajwa bado. Huo ndio mwanzo wa kuanguka kwake, na mwandishi mwenye pupa asingeuweka hapo, angekimbilia risasi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwatangazia wengine msamaha, kushindwa kusamehe ni kifo cha kwanza. Mauaji yanayofuata ni mwili tu ukiifuata roho iliyokwisha kuondoka.

Kiitikio hicho kinarudi mara mbili zaidi kabla upande wa kwanza wa santuri haujaisha, na maneno yake ya mwisho hayabaki vilevile. Sikiliza mabadiliko hayo kwa makini, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha sura na sura. Sauti inayokiimba nayo ni ya kuzingatiwa. Nyimbo ambazo Nelson alizitunga ili kuunganisha hadithi humtaja mhubiri kwa nafsi ya tatu: alilia, alitandika farasi, aliondoka. Nyimbo za zamani alizoazima kwa watunzi wengine karibu zote huimbwa kwa nafsi ya kwanza: siamini kwamba umeondoka, nikumbuke, nilale mikononi mwako. Ni kama mtazamaji anayesimulia kutoka nje, halafu mlango unafunguka na moyo wa muuaji unasema wenyewe. Wimbo unaoipa albamu jina ndio unaokiuka utaratibu huo. Uliazimwa, ni wa miaka ya 1950, lakini nao unasimulia kutoka nje, na nadhani ndiyo maana ndio wenye ubaridi kuliko zote.

Mauaji ya mke na mpenzi wake yanachukua mistari michache. Mhubiri anafika mji wa Blue Rock, Montana, akiwa na vumbi na uchovu. Anapanga chumba, analala kimya akitumaini bado kwamba amekosea. Jioni anawakuta katika baa ndogo pembeni mwa mji. Wanatazamana na kutabasamu anapoingia mlangoni, na wanakufa tabasamu likiwa bado usoni. Basi. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna maelezo ya bastola. Ushike vizuri mstari huo wa tabasamu. Utauhitaji.

Mara tu baada ya hapo unaingia wimbo uliompa Nelson namba 1 ya kwanza katika chati ya kantri akiwa mwimbaji, ule wa macho ya buluu yanayolia mvuani. Fred Rose aliuandika miaka ya 1940, na kwa asili hauna mauaji wala mhubiri. Ni wimbo wa watu wawili walioagana, mmoja akafariki, na anayebaki anatumaini kukutana naye ng'ambo, katika nchi isiyo na kutengana. Ukiusikia peke yake redioni, ni huzuni safi ya kawaida. Ukiusikia hapa, anayeimba ndiye aliyemuua huyo anayetamani kumwona mbinguni. Mahali pake ndipo palipobadilika, na ghafla tumaini la Kikristo la kukutana tena linakuwa swali zito. Ana haki gani ya kutumaini hivyo? Albamu haijibu. Inamwacha aimbe kwa upole, na gitaa linaingia katikati kwa noti chache mno, kana kwamba nalo linaona aibu kuongeza neno.

Sasa kasoro. Katika wimbo wa sita mhubiri amekuwa yule mgeni. Amepanda farasi dume mweusi na anamvuta farasi wa marehemu mkewe, yule wa rangi ya hudhurungi. Mwanamke mwenye nywele za njano anamfuata nje ya baa, anacheka, anamshika farasi yule, na papo hapo anapigwa risasi. Anazikwa jua likitua. Muuaji anaachiwa huru, na sababu inayotolewa ni kwamba huwezi kumnyonga mwanamume kwa kumuua mwanamke aliyetaka kumwibia farasi. Wapo wanaoutetea mstari huu kwa kusema ni sauti ya mji, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya magharibi ya kale katika mawazo ya watu. Utetezi huo una nguvu kiasi. Lakini simulizi la ukombozi lina deni ambalo simulizi la kisasi halina: linapaswa kumhesabu kila aliyeumizwa. Mke analiliwa. Mwanamke wa nywele za njano hakuna anayemlilia, si hapo wala baadaye, na wanawake wote wawili hawana majina. Farasi anathaminiwa kuliko yeye. Hapo albamu inateleza, na msikilizaji asijilazimishe kuona hekima pasipo na hekima.

Kinachofuata ndicho kiini cha kazi nzima, na ni rahisi kukipita kwa sababu hakina neno. Upande wa kwanza unafungwa na tenzi ya "Just as I Am", inayoimbwa katika baadhi ya vitabu vya Kiswahili kama "Nitwae hivi nilivyo". Maneno yake yaliandikwa na Charlotte Elliott, Mwingereza, mwaka 1835. Katika mikutano ya injili Marekani, hasa ile ya Billy Graham, ndiyo iliyoimbwa wakati wa kuwaita watu waje mbele kutubu. Msikilizaji wa kantri wa mwaka 1975 hakuhitaji kuambiwa. Noti mbili za kwanza zilitosha, akajua yuko wapi: mwisho wa ibada, watu wameinamisha vichwa, njia ya katikati iko wazi.

Hapa hakuna anayeimba. Piano inaipiga sauti ya tenzi polepole, kama inavyopigwa katika kanisa dogo, bila madoido. Mhubiri ameyasikia maneno hayo mara mia, pengine ndiye aliyekuwa akiyatumia kuwaita wengine. Sasa hawezi kuyatia kinywani. Mwaliko upo, sauti yake ipo, na anayeitwa yuko kimya. Sijui njia nyingine ya kulieleza jambo hili kwa uaminifu zaidi. Mtunzi wa kawaida angempigisha magoti, angemtoa machozi na kumpa ubeti wa kuungama, na sisi tungetoka tumeridhika kwa bei rahisi. Nelson anaiweka neema mbele ya mtu ambaye bado hajaweza kuipokea, kisha sahani inafika mwisho wa upande na sindano inainuka. Kwenye santuri lazima usimame, uende ukaigeuze. Mapumziko hayo ya sekunde kadhaa ni sehemu ya simulizi.

Upande wa pili unafunguliwa na wimbo wa Denver, na hapo ndipo ule mstari wa tabasamu unarudi. Taa za mji zinang'aa kama almasi. Hakuna anayeuliza umetoka wapi. Mwanamke anamwona katika baa, jioni, mahali padogo pembeni mwa mji. Wanatazamana na kutabasamu anapoingia mlangoni. Maneno ni karibu yaleyale ya Blue Rock, kwa tuni ileile. Msikilizaji makini anabana pumzi. Kisha tendo moja linabadilika: pale walikufa na tabasamu usoni, hapa wanacheza dansi na tabasamu usoni. Mlango uleule na baa ya namna ileile, ila mkono uliokwenda kwenye bastola sasa umeshika mkono wa mtu.

Huo ndio ufundi wa ukombozi katika usimulizi. Badala ya kutuambia kwamba mtu amebadilika, anarudishwa pale pale alipoangukia na tunaangalia afanyalo. Kama unafundisha utunzi wa nyimbo, cheza wimbo wa 4 (Blue Rock) kisha wa 9 (Denver) mfululizo, hata mara tatu, na waombe wanafunzi waandike maneno ya nyimbo hizo mbili sambamba katika safu mbili. Wataona kwamba toba haikutajwa popote, na imeelezwa yote.

Baada ya Denver zinakuja tuni mbili za dansi zisizo na maneno. Ya kwanza ni walsi ya Juventino Rosas wa Meksiko, ya karne ya 19. Ya pili ni wimbo wa zamani wa piano ambao Bobbie anauchangamsha vizuri. Zina kazi moja, kuendeleza dansi, na zinaimaliza haraka. "Can I Sleep in Your Arms" wa Hank Cochran unaofuata una uzito zaidi: mtu aliyechoka anaomba mahali pa kulala usiku mmoja, bila kudai penzi. Kwa mtu ambaye hadi hapo ametwaa kila kitu kwa nguvu, uhai wa watu ukiwemo, kuomba ni hatua kubwa. Wimbo wa 13, wa kukumbukwa wakati mishumaa inawaka, ndio mahali hadithi inapolegea. Haijulikani nani anaomba kukumbukwa wala anamwomba nani. Ukiuchukulia kuwa ni sauti ya mke aliyekufa, unapata maana, tena ya kutisha. Lakini albamu haikupi msaada wowote wa kufika hapo.

Halafu "Hands on the Wheel" wa Bill Callery. Dunia inazunguka bila kushikika, kuna wadanganyifu na waumini na walio katikati wasio na pa kwenda. Anayeimba ametazama nyota, amepita baa zote, amekaribia kuteketea, na mwishowe amejikuta katika macho ya mwingine. Chini ya mwaloni, kando ya mto, kuna mzee na mtoto wa kiume wakisimuliana hadithi. Mikono sasa imeshika usukani wa kitu cha kweli, na anahisi anakwenda nyumbani. Ndilo tamko la mwisho lenye maneno, na ni la nafsi ya kwanza. Msimulizi wa nje ameondoka kabisa.

Je, huu ni wokovu kwa maana ya kanisa? Hapo wapenzi wa albamu hii hugawanyika, na mgawanyiko ni wa haki. Hakuna ungamo, hakuna ubatizo, hakuna jina la Yesu lililotajwa katika upande wa pili wote. Anayeshika mafundisho atasema kilichopatikana hapa ni faraja, si wokovu, na kwamba mtu aliyeua watatu anahitaji zaidi ya mpenzi mpya na kivuli cha mwaloni. Ninauheshimu ukali huo, na kuhusu yule mwanamke wa nywele za njano ninaukubali. Lakini sikubali kwamba imani imeachwa nyuma. Tenzi iliyopigwa bila maneno mwishoni mwa upande wa kwanza haijajibiwa kwa maneno. Inajibiwa kwa mwenendo, katika nusu ya pili ya maisha ya mtu yuleyule. Watu husema yaliyopita si ndwele. Hapa yaliyopita ni ndwele hasa, na mgonjwa anajifunza kutembea nayo.

Inafaa kujua albamu inakwepa mtego gani. Kantri imeishi muda mrefu na ukuta kati ya Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi. Hank Williams, ambaye nyimbo zake za ulevi na mapenzi zilijaza mashine za muziki za baa, alitoa masimulizi yake ya maadili kwa jina jingine, Luke the Drifter, ili wenye mashine wasije wakanunua mahubiri kwa kudhani ni wimbo wa dansi. Mgawanyo huo ulizaa tabia mbaya katika utunzi: beti tatu za dhambi tamu, kisha nusu ubeti wa toba, kengele za kanisa, mwisho. Toba ya namna hiyo huanguka kwa sababu tatu. Haigharimu kitu, haina muda wa kutokea, na mkosaji hajaribiwi tena pale alipoanguka. Nelson alivunja ukuta kwa kuiweka tenzi na baa katika sahani moja, na kumpa mhusika wake upande mzima wa kubadilika.

Kuhusu kununua na kusikiliza. Santuri ndiyo inayoifaa zaidi, kwa sababu ya yale mapumziko ya katikati. Ukinunua iliyotumika, usiangalie jalada tu. Muziki huu ni wa kimya, kwa hiyo kila mkwaruzo utausikia, tofauti na sahani ya roki ambayo kelele zake hufunika mengi. Inamishe sahani chini ya taa moja kali na uchunguze hasa mifuo ya ndani kabisa, karibu na lebo, upande wa kwanza. Hapo ndipo ilipo tenzi, na mifuo ya ndani ndiyo inayoharibika sauti mapema, kwa kuwa sindano hupita kwa kasi ndogo zaidi na mawimbi yamebanana. Piano inayotetemeka au kukwaruza hapo ni dalili kwamba sahani imechezwa na sindano iliyochakaa au yenye uzito mbaya. Mashine yako yenyewe ipimwe: sindano nyingi za kawaida huhitaji uzito wa kati ya gramu 1.5 na 2.5, na kiwango halisi kiko katika maelekezo ya mtengenezaji.

Kwa diski, toleo la mwaka 2000 lina nyimbo 4 za ziada baada ya wimbo wa 15. Ni nzuri zenyewe, lakini zinaharibu mwisho. "Bandera", tuni fupi ya gitaa isiyo na maneno, yenye jina la mji wa Texas ambako Nelson alihamia baada ya nyumba yake ya Tennessee kuungua Desemba 1970, ndiyo inayopaswa kufuatwa na ukimya, na badala yake unaingia muziki wa dansi ya kale ya Ulaya. Weka mashine isimame baada ya 15.

Mtandaoni makosa huwa matatu. La kwanza ni kuacha programu ichanganye nyimbo. Hapo huna hadithi, una vipande tu, na wimbo wa macho ya buluu unarudi kuwa wa mapenzi ya kawaida. La pili ni ile mipangilio inayofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Izime, na uwashe ile ya kucheza bila pengo, maana baadhi ya nyimbo zinaingiliana kwa makusudi na nyingine zinahitaji sekunde zake za kimya. La tatu ni kusikiliza kwa spika ya simu. Besi itapotea yote, gitaa litakuwa kama bati, na utaamini kama wale wakubwa wa Columbia kwamba kazi haijakamilika. Hedfoni za kawaida zinatosha. Soma maneno mara moja kabla, kisha yaweke kando.

Ukimaliza na unataka zaidi, chukua American Recordings ya Johnny Cash, ya mwaka 1994: sauti moja, gitaa moja. Nayo inaanza na mwanamume aliyemuua mwanamke, lakini huyu anamtaja marehemu kwa jina tangu mstari wa kwanza, na usiku gerezani anasikia hatua za miguu yake.